Mambrui na Malindi: Juma Moja Kwenye Pwani ya Nguo

Mambrui ni mji mdogo wa Waswahili ulio kando ya bahari, takriban kilomita 15 kaskazini mwa Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki. Kiutawala uko Magarini, katika Kaunti ya Kilifi. Una nyumba za mawe na za makuti, misikiti, madrasa, na ufuo mpana ambao mchanga wake una chembe zinazometameta kama dhahabu jua linapoupiga. Malindi, ndugu yake mkubwa, ni mji wa soko, hoteli na wavuvi. Miji hii miwili ilisitawi pamoja, ikahamwa, kisha ikafufuliwa katika zama moja.

Kitu kilichoifungamanisha na dunia kuliko vingine vyote ni nguo. Kabla ya rupia na shilingi kuenea, nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya pwani. Pembe za ndovu zilinunuliwa kwa nguo, na nafaka na mifugo vilevile. Mizigo ya zawadi kwa wafalme ilianza kwa nguo. Na katika zama za utumwa hata binadamu alitiwa thamani kwa majora ya vitambaa. Kwa hiyo historia ya eneo hili husomeka vyema kwa kuifuata nguo: nani aliileta, nani aliivaa, na ni mazao gani yaliyotoka shambani kuilipia. Juma moja linatosha kuufuata uzi huo kutoka Malindi hadi Mambrui, Bungale, Ngomeni na Gedi, na njiani kula vyakula ambavyo navyo ni sehemu ya historia hiyo hiyo.

Wakati mzuri wa safari ni majira ya kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari inapotulia na njia za mashambani zinapokuwa kavu. Hizo ndizo pepo zilizokuwa zikileta majahazi ya Bara Hindi na Arabuni. Yalingoja hapa hadi kusi ianze kuvuma karibu na Aprili, yakarudi kwao yakiwa na shehena.

Siku ya kwanza: Malindi na nguo za wafalme

Safari huanzia kwenye rasi iliyo kusini mwa mji wa zamani wa Malindi, penye nguzo ya Vasco da Gama. Msalaba wake wa mawe uliletwa na Wareno, na nguzo yenyewe imepakwa chokaa nyeupe inayoonekana kutoka mbali baharini. Da Gama alifika hapa katikati ya Aprili 1498, baada ya kupokewa kwa uadui Mombasa. Mfalme wa Malindi, aliyekuwa na ushindani wa muda mrefu na Mombasa, alimpokea kwa urafiki.

Kumbukumbu za safari hiyo zimeandika kwa makini nani alivaa nini na nani alitoa nini. Mgeni alipeleka joho, shada mbili za marijani, mabeseni matatu, kofia, kengele ndogo na vipande viwili vya kitambaa cha pamba chenye milia. Mfalme alijibu kwa kondoo na viungo: karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Alipotoka kuonana na wageni alikuwa amevaa joho la hariri ya damaski lililotiwa ukingo wa atlasi ya kijani, na kilemba cha thamani, huku amefunikwa mwavuli wa atlasi nyekundu. Ukilinganisha mavazi hayo na zawadi zilizoletwa, ni wazi kwamba mwenyeji aliijua nguo nzuri kuliko mgeni. Bandarini zilikuwapo meli za wafanyabiashara wa Bara Hindi, na nguo za pamba za Cambay, bandari kuu ya Gujarati, zilikuwa bidhaa ya kawaida mjini. Da Gama aliondoka tarehe 24 Aprili akiwa na rubani aliyepewa Malindi, na tarehe 20 Mei akafika Calicut.

Karibu na nguzo kuna kanisa dogo la Wareno la karne ya 16. Mwaka 1542 mmisionari Francis Xavier alipita Malindi akielekea Goa. Mwendo wa dakika chache kuelekea kaskazini uko Msikiti wa Ijumaa, na pembeni mwake makaburi mawili yenye nguzo ndefu za mawe, aina ya kaburi ambayo ni alama ya ustaarabu wa Waswahili tangu Somalia ya kusini hadi Tanzania. Uwanja ulio jirani na msikiti ulitumika kama soko la watumwa hadi biashara hiyo ilipopigwa marufuku na mkataba wa 1873. Makaburi ya wenye mali na soko la wasio na uhuru viko hatua chache tu, na mtu anayepita hapo anapaswa kusimama mbele ya vyote viwili.

Siku humalizika katika Makumbusho ya Malindi, ndani ya Nyumba ya Nguzo, jengo la mwisho wa karne ya 19 lililo mbele ya bahari. Mle kuna maelezo ya historia ya mji na ya Wamijikenda, na samaki aina ya silakanti aliyenaswa na wavuvi katika maji ya Malindi mwaka 2001, jamii ambayo wanasayansi walidhani imetoweka mamilioni ya miaka iliyopita mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938.

Siku ya pili: leso, marekani na cherehani

Staftahi ya Malindi ni mahamri na mbaazi. Unga wa ngano hukandwa kwa tui la nazi, sukari, hamira na iliki, ukaachwa uumuke, ukasukumwa, ukakatwa pembetatu na kukaangwa katika mafuta mengi hadi hamri lifure na kuacha uwazi ndani. Mbaazi huchemshwa mpaka zilainike, kisha hutiwa tui jepesi zikaivia humo. Tui zito hutiwa mwisho, likikorogwa taratibu lisikatike. Chai ya tangawizi husindikiza. Wenye haraka hununua viazi karai kando ya njia: viazi vilivyochovywa katika unga wa dengu wenye bizari, vikakaangwa na kutiwa chatne ya ukwaju.

Baada ya chai, njia ni ya kuelekea maduka ya nguo na barazani kwa mafundi wa cherehani. Bidhaa ya kwanza kuiona ni leso, ambayo Tanzania huitwa kanga. Jina leso limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wakaunga vipande sita, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja pana ya kujitanda. Wenye maduka waliiga ubunifu wao wakaagiza nguo nzima zilizopigwa chapa. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Mali ya Abdulla, lilianza mwaka 1887, na chapa yake bado imo katika leso nyingi za Malindi na Mambrui.

Leso ina sehemu tatu. Pindo ni ukingo unaozunguka pande nne. Mji ni eneo la katikati. Jina ni maandishi yaliyo ndani ya mji, chini, ambayo huwa ni methali, dua, fumbo au maneno ya mapenzi. Leso huuzwa mbili kwa pamoja. Fundi huzikata na kuzikunga, na mwanamke hujifunga moja na kujitanda nyingine. Mtoto mchanga hupokewa kwa leso na kubebwa kwayo mgongoni. Bibi arusi hutunzwa leso. Jirani aliyekosana na jirani huweza kununua leso yenye jina linalofaa na kupita nayo mlangoni bila kutamka neno. Kitambaa kilicholetwa na wageni kiligeuzwa na wanawake wa pwani kuwa barua.

Kabla ya leso kuenea, nguo ya wengi ilikuwa marekani, kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na meli za Salem, hasa baada ya Marekani na Sultani Said wa Omani na Unguja kutia saini mkataba wa biashara mwaka 1833. Jina la nchi likawa jina la nguo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo, kati ya 1861 na 1865, vilikata pamba na kuwapa nafasi wafumaji wa Uingereza na Bombay, lakini watu waliendelea kuita nguo ya namna hiyo marekani, popote ilipotoka. Sambamba nayo zilikuwapo bafta, nyeupe na nyepesi, na kaniki, nyeusi au ya nili iliyokoza.

Siku hizi jirani wa duka la leso ni kibanda cha mitumba. Cherehani ya barazani haijanyamaza kwa sababu kazi ya fundi imebadilika: anakunga leso, anashona kanzu na buibui, na mchana kutwa anapunguza suruali za mitumba ziwatoshe watu wa hapa.

Siku ya tatu: Mambrui

Matatu za Mambrui hufuata barabara ya Lamu na kuvuka daraja la Sabaki. Mto huu huanza bara ukiitwa Athi, hupita mbuga ya Tsavo kwa jina la Galana, na hufika baharini kwa jina la Sabaki, baada ya safari ya takriban kilomita 390. Maji yake ni mekundu kwa udongo wa bara. Mlangoni mwake kuna vilima vya mchanga, viboko, na makundi makubwa ya ndege wa pwani, wengine wakiwa wageni kutoka Ulaya, Asia na Madagaska.

Kitu cha kale kinachojulikana zaidi Mambrui ni kaburi la nguzo. Nguzo yake, iliyopambwa kwa mabakuli ya kauri za China yaliyopachikwa kwenye chokaa, ilianguka mwaka 1934. Mabaki yake yamo karibu na msikiti, na matundu yalimokaa mabakuli yanatosha kumwonyesha mtu fahari ya wakati huo. Bakuli lililopachikwa kaburini halikuwa la kulia tena. Lilitangaza kwamba marehemu alikuwa mtu wa bahari na biashara, mwenye kuheshimiwa hadi nchi za mbali.

Kauri hizo ndizo zilizowaleta wachimbaji. Kuanzia mwaka 2010 wanaakiolojia wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wa Chuo Kikuu cha Peking, wakiongozwa na Herman Kiriama na Qin Dashu, walichimba Mambrui na Malindi. Mambrui ilitoa sarafu ya shaba yenye tundu la mraba katikati, ya enzi ya mfalme Yongle wa China, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Vilipatikana pia vigae vya kauri ya kijani ya Longquan na mabaki ya kuyeyushia chuma. Ugunduzi wa chuma una uzito wake, kwa kuwa mwanajiografia al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa wenye machimbo ya chuma. Ndiyo sababu wako watafiti waliopendekeza kwamba Malindi ya kale huenda ilikuwa hapa Mambrui.

Uhusiano na China ulikuwa wa kweli na wa pande mbili. Mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimpelekea mfalme Yongle twiga, mnyama aliyelistaajabisha baraza lake lote, na merikebu za amiri Zheng He zikafika pwani hii miaka michache baadaye zikiwa na hariri na kauri. Kauri hudumu ardhini na hariri huoza. Kwa hiyo anayetazama kigae cha Longquan anapaswa kuiona pia nguo iliyokuja nacho katika ngama moja.

Mambrui ya leo ni mji wa dini na elimu. Sauti za watoto wanaosoma Kurani husikika kutoka madrasa asubuhi na alasiri, na Maulidi hukusanya watu kutoka vijiji vya jirani na miji ya mbali. Mgeni anatarajiwa kuvaa kwa stara: wanawake wafunike mabega na magoti, na leso moja begani inatosha kuonyesha heshima. Mlangoni hupigwa hodi, mzee huamkiwa shikamoo, na maamkizi hayafupishwi kwa sababu ya haraka. Jioni wanaume hukaa barazani wakinywa kahawa tungu kwa vikombe vidogo, na kipande cha halua kikipita baina yao.

Siku ya nne: mashamba yaliyolipia nguo

Malindi na Mambrui za kale zilidhoofika baada ya Wareno kuhamishia makao yao Mombasa mwaka 1593, pamoja na mfalme wa Malindi mwenyewe. Katika karne ya 17 mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini yaliwafukuza watu wengi waliobaki. Nchi ilirudi kuwa msitu hadi katikati ya karne ya 19, Sultani Majid wa Unguja, aliyetawala 1856 hadi 1870, alipoihimiza ifunguliwe tena kwa kilimo.

Kilichofuata kilikuwa ukulima mkubwa uliosimama juu ya utumwa. Waarabu na Waswahili wenye mitaji walichukua ardhi kuanzia Malindi hadi Mambrui na ndani ya Magarini. Watu waliotekwa bara na kuuzwa kupitia Kilwa na Unguja ndio waliofyeka, wakapanda, wakapalilia na kuvuna. Mtama ulikwenda Arabuni, ufuta ulikwenda Ulaya kukamuliwa mafuta, na marobota ya nguo yakarudi. Nchi hii ikapata sifa ya kuwa ghala la nafaka la pwani. Wengi waliotoroka walijenga vijiji vyao kando ya Sabaki na katika misitu ya ndani kama Fuladoyo, wakajilinda kwa silaha. Sheria ya kukomesha utumwa katika pwani ya Kenya ilitoka mwaka 1907. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hatimiliki, iliyowaandikisha wenye hati na kuwaacha wengi waliokuwa wakilima bila haki. Tatizo la maskwota wa Magarini na Mambrui lina mizizi katika miaka hiyo, na halijesha hadi leo.

Chini ya Waingereza pamba nayo ilipandwa Malindi na bonde la Sabaki. Ilikuwa mara ya kwanza nchi iliyonunua nguo kwa karne nyingi kupeleka nje malighafi yake kwa mpango wa serikali. Baada ya uhuru, tumaini la pamba ya pwani lilihamia miradi ya umwagiliaji ya Tana, yaani Hola na baadaye Bura. Pamba hiyo ilihitaji viwanda vya Kenya kuinunua, na viwanda hivyo vilidhoofika mwishoni mwa karne ya 20, mitumba na nguo za bei nafuu zilipofunguliwa soko. Kiwanda cha KICOMI cha Kisumu kilifungwa. Rivatex ya Eldoret ilifungwa pia, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya mwaka 2019. Msimu ambao kiwanda cha mbali kilifunga mlango, mkulima wa pwani alibaki na gunia lisilo na mnunuzi.

Mashamba ya zama hizo yamebaki katika chakula. Mkate wa mofa, mdogo na wa mviringo, asili yake ni unga wa mtama ulioumuliwa. Hubandikwa kwenye ukuta wa ndani wa tanuri la udongo liitwalo mofa, ukatoka na harufu ya moshi na uchachu mwepesi. Kashata za ufuta, zinazouzwa vipande viwili viwili mbele ya shule na misikiti, ni zao lile lile lililojaza majahazi ya Mambrui. Anayekula mofa kwa mchuzi wa samaki anakula nafaka iliyowahi kununua majora ya marekani, na jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Siku ya tano: Bungale, hando na vigango

Ndani ya Magarini ni nchi ya Wagiriama, kabila kubwa zaidi kati ya Wamijikenda tisa. Huko Bungale ndiko alikozikwa Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 Waingereza walipodai kodi, vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya wageni, na baadaye wabeba mizigo wa vita, Mekatilili alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu walipokusanyika aliwahutubia wakatae. Alikamatwa mwaka huo huo pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, mamia ya kilomita kutoka kwao. Walitoroka wakarudi kwa miguu. Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, kwa baruti, vita vikazuka, na Wagiriama wakaamriwa kuhama ardhi ya kaskazini ya Sabaki, ambayo baadaye waliirudia. Kila mwaka Mekatilili hukumbukwa kwa tamasha, na sanamu yake imesimama Malindi.

Vazi linalomtambulisha mwanamke wa Kigiriama ni hando. Zamani lilikuwa la majani. Nguo za pamba zilipopatikana, bafta na mfano wake zilichukua nafasi: kitambaa kirefu hukunjwa marinda membamba kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, kikashonwa kiunoni na kuufanya mwili uwe na umbo pana la kupendeza. Katika mwanzele, ngoma inayoongozwa na kayamba, marinda hayo hurudia kila mtikisiko wa mchezaji. Kama ilivyokuwa kwa leso, nguo ilikuja ikiwa robota lisilo na umbo, na kina mama wakaamua itakuwa nini.

Hata wafu walipewa nguo. Mzee wa chama cha Gohu anapofariki huchongewa kigango, mti mrefu wenye kichwa cha mviringo na mapambo ya pembetatu, kikasimamishwa mbele ya boma na kufungwa vitambaa. Kigango hakihamishwi, kwa kuwa ndicho makao ya roho ya aliyekufa. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1970 vigango vingi viliibwa na kuuzwa kwa wakusanyaji wa sanaa, hasa Marekani. Viwili vya kwanza vilirudi mwaka 2007, na mwaka 2014 makumbusho ya sayansi na viumbe ya Denver yalikubali kurudisha 30. Familia iliyoibiwa kigango ilinyang'anywa mzazi, na kila kinachorudi ni haki iliyochelewa.

Chakula cha huku ni sima ya mahindi, mchunga na samaki mkavu au kuku wa kienyeji. Mchunga ni mboga chungu. Huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha ukapikwa kwa tui ili uchungu upoe usipotee. Wazee hunywa mnazi uliogemwa siku hiyo, kwa mrija kutoka kwenye kibuyu, baada ya kumwaga kidogo chini kwa ajili ya koma, roho za wazee waliofariki. Jua linapotua, mahali pa kuwa ni Marafa, penye bonde la Nyari. Mvua na upepo vimelichonga kuwa minara ya udongo mweupe, wa waridi, wa chungwa na mwekundu. Simulizi za wenyeji zinasema hapo iliishi familia tajiri iliyokuwa ikioga maziwa huku majirani wakiwa na njaa, mpaka ardhi ikaizamisha.

Siku ya sita: Ngomeni, tanga na chumvi

Kaskazini mwa Mambrui barabara hupita Gongoni, penye mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua na upepo vikayakausha hatua kwa hatua, hadi chumvi igande na kukusanywa malundo meupe. Sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya hutoka ukanda huu wa Gongoni na Marereni.

Mbele zaidi ni Ngomeni, kijiji cha wavuvi kilichozungukwa na mikoko. Nguo ya hapa ni tanga. Mashua na ngalawa husukumwa na tanga la pembetatu, ambalo kwa muda mrefu lilishonwa kwa pamba nzito, kipande kwa kipande, ukingoni likatiwa kamba. Biashara yote ya nguo ilitegemea nguo hiyo: bila tanga, robota la Cambay lisingefika Malindi wala mtama wa Mambrui usingefika Arabuni.

Kutoka ufukoni huonekana majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini. Ni kituo cha San Marco cha Waitaliano, ambacho siku hizi kina jina la Luigi Broglio. Kati ya 1967 na 1988 vilirushwa kutoka hapa vyombo tisa kwenda angani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za nyota, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Uhusiano huo wa Waitaliano na pwani hii unaonekana pia Malindi, ambako wengi huzungumza lugha yao na tambi na piza ni chakula cha kila siku mahotelini.

Chakula cha Ngomeni hakina mjadala: ni samaki wa kupaka. Changu au tewa huchanjwa, hutiwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, akachomwa juu ya makaa. Pembeni hupikwa tui zito kwa pilipili, bizari na ukwaju hadi liwe rojo, na samaki hupakwa akiwa bado motoni, upande huu na huu, mpaka rojo limshike. Huliwa kwa wali wa nazi. Kaa na kamba wa mikokoni hupikwa vivyo hivyo, na pweza huchemshwa muda mrefu kabla ya kutiwa mchuzi.

Siku ya saba: Gedi

Siku ya mwisho ni ya magofu ya Gedi, kusini mwa Malindi, pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke. Mji huu ulisitawi katika karne ya 14 na 15 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1927, James Kirkman akauchimba kuanzia 1948 hadi 1958, na Julai 2024 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Ndani ya kuta zake kuna msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, na kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399. Mibuyu na miti mingine imeota vyumbani, na mizizi imekumbatia kuta.

Nyumba za Gedi zimepewa majina kwa vitu vilivyokutwa ndani: Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venisi, Nyumba ya Sarafu za China, Nyumba ya Mkasi. Jina hili la mwisho ni ushahidi mdogo wa kazi iliyofanyika ndani ya kuta hizi: mtu alikata kitambaa, akakishona, akavisha watu wa nyumbani.

Tena pwani haikungoja nguo za nje peke yake. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa huko ziliuzwa hadi Misri. Wareno walizisifu hariri za Pate. Kule Sofala waliwaona wafumaji wakifumua nguo za buluu za Cambay na kuzifuma upya, wakichanganya uzi ule na uzi mweupe wa pamba yao wenyewe. Katika magofu mengi, kuanzia Shanga katika visiwa vya Lamu hadi Kilwa, vimepatikana vigae vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Vilichomekwa kwenye kijiti kama uzito, kijiti kikazungushwa, na pamba ikasokotwa kuwa uzi.

Vigae hivyo vilikuwa vipande vya vyungu. Chungu kilipikia mbaazi, mtama au samaki miaka mingi, kikavunjika, na kipande chake mtu akakiokota jikoni, akakisugua kwenye jiwe hadi kikawa duara, akakitoboa na kukaa nacho barazani akisokota.